Muulize Fundi: Tanuri la risasi linachelewa, linavuja, linapiga shoti

SWALI: Muzee fundi, jambo sana. Nimenunua tanuri dogo la umeme la kuyeyushia risasi, ile metali laini nzito, limekwisha tumika. Ni la Marekani, la aina wanayotumia watu wa huko wanaojimiminia nyumbani risasi za bunduki za kulengea shabaha. Mimi nataka kumimina vizito vya nyavu za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwani ndugu zangu ni wavuvi. Chini lina koki inayofunguliwa kwa mkono wa chuma. Kibandiko kinasema volti 120, wati 700, nami nimelitafutia transfoma ya 220 kwenda 110. Jioni linapita saa nzima na risasi bado ni uji. Koki inadondosha bila kukoma. Nikigusa bati la nje umeme unanitekenya. Tena kizungushio cha joto kina namba 1 mpaka 9 tu, sijui ipi ni joto gani. Kuna fundi ameniambia ninunue rezistansi mpya, ule waya wa ndani unaotoa joto. Ninunue?
Msomaji wa Bagira, Bukavu

JIBU: Ndugu yangu, usinunue kitu kwanza. Chukua multimeta, kile kipimo cha umeme.

Chomoa tanuri, liache lipoe, pima rezistansi kutoka ncha moja hadi nyingine. Tanuri la wati 700 kwa volti 120 linatakiwa lionyeshe karibu omu 20 na nusu. Ukipata 20 au 21, rezistansi yako ni nzima na huyo fundi alitaka kukuuzia usichohitaji. Ikiwa imekatika, multimeta haitaonyesha kitu, na tanuri lisingepata moto hata kidogo. Lako linapata moto, ila linachelewa. Kwa hiyo mimi namshuku umeme wenyewe.

Ngoja jioni, saa watu wote wa mtaa wamewasha majiko na taa, upime soketi yako. Bagira, Kadutu, hata huku kwetu Ibanda, 220 ya kwenye karatasi inashuka mpaka 170 bila kuomba ruhusa ya mtu. Transfoma yako haijui kusahihisha hilo, inagawa kwa mbili tu: 170 inatoka 85. Na nguvu ya rezistansi haipungui sawasawa na volti, inapungua kwa volti mara volti. Kwa 110 tanuri lako linatoa kama wati 590. Kwa 85 linatoa 350, yaani nusu ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko. Kwa nusu hiyo, joto linaloingia linakaribia kulingana na linalopotea hewani, ndiyo maana unapata uji. Risasi safi inayeyuka kwenye digrii 327. Ukikosa kufika hapo, hata ungesubiri hadi asubuhi.

Dawa yake: fanya kazi usiku wa manane au alfajiri, umeme unapokuwa umepanda, au tafuta regilateri (kifaa cha kusawazisha volti) ya wati 1000 na zaidi uiweke kabla ya transfoma. Weka kifuniko cha bati juu ya sufuria wakati wa kuyeyusha. Acha kila siku risasi ndani, kina cha vidole viwili, maana risasi iliyoganda imekamata sufuria vizuri na inapeleka joto kwa vipande vipya upesi kuliko hewa. Ila atakayekushauri uliunganishe moja kwa moja kwenye 220 mkatalie kabisa. Litapokea zaidi ya wati 2,300, na rezistansi itaungua kweli.

Sasa huko kutekenywa. Hilo ndilo lingenifanya nilichomoe leo hii. Rezistansi za namna hiyo nyingi ni waya ndani ya bomba la chuma, katikati kumejazwa unga mweupe wa magnesia. Unga huo unavuta unyevu, na tanuri lililolala miaka kwenye stoo ya Bukavu, kwa mvua zetu, limekunywa maji ya kutosha. Umeme unapita kwenye huo unyevu na kufika kwenye bati. Pima kati ya ncha ya rezistansi na bati: multimeta isionyeshe kitu. Ikionyesha, lifungue, lianike juani, kisha liweke karibu na mbabula (jiko la mkaa) yenye makala yaliyokwisha pungua, moto wa pole, saa kadhaa, upime tena. Likikataa kukauka, hapo sasa ndipo rezistansi mpya inapoingia.

Ukiwa umelifungua, tazama nyaya za ndani. Zile za plastiki ya kawaida zitakuwa zimekauka na kupasuka. Weka za kustahimili joto, zenye soksi ya nyuzi za kioo. Ncha zibane kwa kibanio cha chuma au skrubu. Usizilehemu: bati ya kulehemu inaanza kuyeyuka kwenye digrii 183, itadondoka yenyewe siku ya kwanza. Halafu funga waya wa ardhi kwenye bati, ufike ardhini kweli. Wengi wanadhani transfoma inawalinda. Transfoma nyingi za bei nafuu zina koili moja tu ndani, kwa hiyo umeme wa SNEL, kampuni yetu ya umeme, unafika kwenye tanuri lako bila kizuizi chochote.

Koki. Hapa ndipo kazi tamu. Koki ya tanuri hizi ni fimbo ya chuma yenye ncha, inakaa ndani ya kitundu chini ya sufuria. Ikidondosha, mara nyingi ni punje ya taka imekaa kati ya ncha na kiti chake: kutu, jivu, au mchanga wa vizito vichafu. Risasi ikiwa ya moto, weka bisibisi kwenye mfereji ulio juu ya fimbo, izungushe kidogo huku na huku huku ukiikandamiza. Punje inasagika, mdondoko unakatika. Isipokatika, mwaga risasi yote kwenye kalibu za chuma zilizokauka, acha lipoe, toa fimbo. Paka ncha yake ile pasta wanayosagia valvu za injini, kiasi cha punje ya mchele, uizungushe kwa mkono mpaka uone pete ya kijivu isiyokatika mahali popote. Pete ikiwa na pengo, endelea. Kisha osha pasta yote kwa petroli nje ya nyumba na ukaushe vizuri. Kutu ya ndani ya sufuria isugue ikiwa imelowanishwa, ili vumbi la risasi lisiruke, nawe ukaushe tena. Mkono wa koki ukikataa kufunguka usiulazimishe. Risasi ya kwenye mdomo imeganda, subiri joto lishuke mpaka huko.

Kuhusu namba 1 mpaka 9, namba hizo hazina digrii yoyote, kila tanuri lina zake. Tafuta multimeta yenye uzi wa kupimia joto. Yeyusha risasi laini, tumbukiza uzi, zima tanuri, kaa utazame. Joto linashuka, linashuka, halafu linasimama mahali pamoja kwa muda wakati risasi inaganda, kisha linaendelea kushuka. Pale liliposimama ni 327. Kipimo chako kikisimama 320, kinapunguza 7, ujue. Sasa washa, andika kwa kalamu ya rangi kila namba inakaa digrii ngapi. Vizito vinataka 350 hadi 380. Themostati ikiwa inashika na kuachia ovyo, safisha vidoti vyake vinavyogusana kwa msasa laini. Usikubali themostati ya ovini ya mikate: nyingi mwisho wake ni 300, risasi haitayeyuka hata siku moja.

Tena kuna jambo hukuuliza. Mwenye tanuri wa kwanza alikuwa anamimina risasi za bunduki, na watu hao wanachanganya humo metali mbili, bati na antimoni, ili ziwe ngumu. Mabaki yaliyo chini ya sufuria yako pengine ni ya mchanganyiko huo. Yakuna kwa ukucha: risasi laini inaacha alama, ngumu haiachi. Wewe unataka laini, inayobanwa kwa nyundo kwenye kamba ya wavu bila kupasuka. Mabaki magumu yamwage kando.

Vizito vikitoka na makunyanzi, kalibu ni baridi. Mimina vichache vya kwanza uvirudishe sufuriani. Vipime kwenye mizani. Wavu wa sambaza unateremka gizani chini ya taa, na upande wenye vizito vyepesi unabaki juu, samaki wanatorokea hapo. Na maji, ndugu yangu, maji! Tone moja likiingia chini ya risasi ya moto linageuka mvuke unaojaa nafasi mara 1,700, na sufuria nzima inaruka usoni. Kila kipande kianze kukaa ukingoni mwa tanuri kikauke kabla ya kuingia.

SWALI: Fundi, mtoto wangu mkubwa anayeyushia risasi jikoni kwetu. Wadogo zake wanaokota matone wanachezea. Anasema akinywa maziwa haimpati kitu. Ni kweli?
Mama wa Kadutu

JIBU: Mama, si kweli. Maziwa hayatoi risasi mwilini. Mtoe jikoni leo, aende nje, mahali penye upepo na pasipo watoto. Sakafu ipigwe deki kwa maji na sabuni, isifagiliwe kavu. Nguo zake za kazi zifuliwe peke yake, na anawe mikono kabla ya kugusa chakula. Kitambaa cha pua hakizuii vumbi hilo. Hao wadogo wapeleke kwa daktari, umwambie wazi neno risasi, maana dalili zake ni tumbo kuuma, uchovu na kichwa kizito, ambazo kila mtu anaziita malaria. Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegali, kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa kwa vumbi la risasi ya betri, udongo wa uani tu. Tafadhali usingojee.

SWALI: Betri kuukuu za gari ziko nyingi hapa mtaani Essence. Niyeyushe bamba zake?
Kijana wa tairi

JIBU: Hapana. Zina asidi, na ndani ya taka zake kunaweza kutoka gesi za aseniki na antimoni zinazoua. Wewe ni kwado, fundi wa tairi, una hazina yako mwenyewe: vizito vya kusawazisha magurudumu. Jaribu kila kimoja kwa koleo la kukatia. Kinachokatika kama sabuni ni risasi. Kinachokataa ni zinki au chuma, kiweke kando. Zinki inayeyuka kwenye 419, kwa hiyo usipopita 400, kilichokuponyoka kitaelea juu ukitoe na kijiko.