Kazi ya Serikali Ikifika Mtaani, Uliza Lori Liko Wapi

Vijana wengi hapa Mathare, Nairobi, wananiuliza kama inafaa kujiandikisha kwenye kazi hizi za serikali za kusafisha mito na mitaa. Jibu langu ni moja: jiandikishe. Nilifanya Kazi Mtaani, mradi wa serikali wa kuwapa vijana vibarua vya usafi, tangu awamu ya kwanza mwaka 2020, corona ilipofunga Nairobi, mjengo ukasimama na vibarua vikakauka. Awamu ya pili ilipoanza Julai, serikali ilitenga shilingi bilioni 10 na kuchukua vijana zaidi ya 280,000 katika kaunti zote 47, kwa shilingi 455 kwa siku. Wapo walioidharau pesa hiyo. Kwetu ilinunua unga na kulipa kodi ya nyumba, na siwezi kuisema vibaya.

Ila pesa inapita. Ninachotaka uangalie ni kazi itakayobaki mtaani baada ya malipo ya mwisho kuingia kwenye simu.

Kulikuwa na mtaro mmoja tuliopewa kuzibua, ule unaoteremka kuelekea mtoni. Tulitoa tope jeusi, nepi, chupa, magunia, hata godoro zima. Tope lote tukalirundika ukingoni lisubiri lori. Lori halikuja. Ikanyesha mvua ya usiku na rundo lote likarudi mle mle mtaroni, maji yakaingia nyumba za bondeni kama miaka yote. Sisi tulilipwa, na rejista ilionyesha kazi imefanyika. Mama mwenye chumba cha mwisho kule chini alikuwa anaanika blanketi.

Sasa pita uchochoro uliowekwa kabro, yale matofali ya saruji ya kutandaza njiani, wakati uo huo. Bado upo. Watoto wanaenda shule mvua ikinyesha bila kushika viatu mkononi. Jasho lilikuwa lile lile na malipo yale yale.

Kwa nini basi vijana wengi walipewa fagio na wachache kabro? Serikali ikitaka kuajiri watu wengi upesi, pesa nyingi huingia kwenye malipo, saruji na mchanga vikakosa fungu. Naielewa haraka hiyo, watu walikuwa na njaa. Lakini mtaa ukijipanga mapema unaweza kupata vyote viwili, na hapa ndipo wengi wanagonga mlango usio wao. Wanakimbilia ofisi ya mbunge kudai mtaro. Mitaro, barabara za mtaa na uzoaji taka ni kazi ya kaunti. Pesa za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ni za kazi za serikali kuu, kama madarasa na basari. Kwa mtaro, mtafute MCA, mwakilishi wa wadi yenu kwenye bunge la kaunti, tena mapema: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa kwenye bunge hilo kufikia Septemba 1. Nendeni kwenye vikao vya maoni ya wananchi mkiwa na barua iliyotiwa saini na wazee wa mtaa, inayotaja uchochoro gani, urefu wake, na vifaa vinavyohitajika. Nguvu kazi ikija na mradi wa serikali kuu, saruji ya kaunti iwe imeshaombwa.

Na siku ya baraza la kwanza la chifu, kabla hamjagawiwa sepetu, simama uulize: lori litakuja siku gani, na taka zinapelekwa wapi? Kama hakuna jibu, ombeni kundi lenu lipewe kazi isiyongoja lori.

Kuhusu malipo, tumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, kwa sababu laini ya shangazi au ya rafiki italeta kesi. Andika kwenye daftari lako kila siku uliyofanya kazi. Kwetu kulikuwa na majina kwenye orodha ambayo hakuna aliyewahi kuyaona mtaroni, na waliopunjwa siku zao wakashindwa kudai kwa kukosa maandishi. Usimpe mtu hata shilingi ili uandikwe.

Mwisho, msitawanyike mradi ukiisha. Sajilini kikundi mngali pamoja, kisha ombeni cheti cha AGPO, mpango wa kutenga sehemu ya zabuni za serikali. Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kundi lililokwisha kutandaza kabro lina kazi ya kuonyesha linapoomba zabuni ya uchochoro unaofuata.