Jibu: Vijana wa zamu wanafuata akili mnemba bila kusoma logi (kumbukumbu za mfumo)

Habari ndugu. Unasema tangu mlete akili mnemba, kijana wa zamu ya kuangalia mifumo ya kompyuta anaibandikia ujumbe wa kosa, anapewa amri, anaiendesha, na hamwiti tena mwenzake.

Yametukuta hapa Kirumba, Mwanza. Usiku mmoja mfumo wa stakabadhi za wauza samaki wa soko la Mwaloni uligoma kuhifadhi. Akili mnemba ikashauri huduma iwashwe upya. Kijana akawasha mara nne. Nilipofika nikapiga df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski: ipo tele. Nikapiga df -i, ya kuonyesha namba za kusajili mafaili: zimetumika 100%. Vifaili vya muda, vidogo vidogo, vilikuwa vimezimaliza namba hizo zote, hakuna faili jipya linaloweza kuhifadhiwa. Akili mnemba ingejuaje, wakati ilipewa mstari mmoja tu, "imeshindwa kuhifadhi"?

Kwa hiyo kagua kwanza wanaipa nini. Kwetu aliye zamu anaandika kwenye kundi alichokiona na anachodhani, ndipo aiulize akili mnemba. Amri inayobadilisha chochote lazima mwenzake aisome kwanza, hata kama ni kumwamsha. Usiwanyang'anye lakini, saa nane usiku inasaidia mno kupitia logi ndefu.

Asubuhi tunakunywa chai pamoja, wa zamu anasimulia. Sisi ni watano. Kwa timu kubwa sijajaribu.