Red House: ya enzi za Victoria, sura ya kale

Mkuu, umeuliza kwa nini Red House ya Bexleyheath, kusini mashariki mwa London, inahesabiwa nyumba ya enzi za Malkia Victoria wakati sura yake ni ya karne za kati. Ilijengwa 1859 hadi 1860, Victoria akiwa malkia wa Uingereza, kwa hiyo enzi haina ubishi. Sura ile ni ya makusudi. Mwenye nyumba, William Morris, na msanifu wake Philip Webb hawakupenda mtindo wa kupiga kuta lipu ili zifanane na mawe. Wao wakaacha matofali mekundu wazi, juu wakaweka paa la vigae lenye mwinuko mkali.

Angalia madirisha, utamu wote uko hapo. Mengine marefu, mengine ya duara, wala hayakupangwa yalingane kwa nje, kwa sababu Webb aliyaweka kufuata mahitaji ya vyumba vya ndani. Ramani ni ya herufi L, na kwenye pembe yake kuna kisima chenye paa la vigae lililochongoka kama koni. Mimi naona kisima kile ndicho kinachoiunganisha nyumba na bustani.

Tangu 2003 inamilikiwa na National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majengo ya kihistoria, na hufunguliwa kwa wageni. Ukifika London usiikose.