Shakespeare hakuwa mwanzo

Ndugu, umeuliza kama fasihi ya Kiingereza ilianza na Shakespeare. Hapana, alizaliwa mwaka 1564, na kabla yake kuna karne nyingi za tungo.

Wa kwanza ni Waanglo-Saksoni, makabila ya Kijerumani yaliyohamia Uingereza. Utenzi wao mkubwa, Beowulf, umetufikia kwa mswada mmoja tu, ulionakiliwa yapata mwaka 1000. Mwaka 1731 moto ulizuka katika jumba lililouhifadhi London, ukaunguza kingo zake, na herufi za pembeni zikaendelea kumomonyoka. Yaani utenzi mzima uliponea chupuchupu!

Mwaka 1066 Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza. Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, Kiingereza kikasukumwa pembeni, hadi washairi kina Geoffrey Chaucer walipokirudishia hadhi mwishoni mwa karne ya 14. Mchapaji William Caxton akafungua kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476, vitabu vikaanza kuenea. Shakespeare alikuta njia imeshafyekwa.

Mwaka 1642 Bunge lilifunga majumba ya maigizo. Yalipofunguliwa tena 1660, wanawake nao wakaanza kupanda jukwaani kama waigizaji, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko tamthilia nyingi za wakati ule. Riwaya ilishamiri karne ya 18, wakafuata washairi wa Kiromantiki, waliotukuza hisia na maumbile, enzi ya Malkia Victoria, kisha usasa wa karne ya 20, uliovunja kanuni za zamani za uandishi.

Ukitaka pa kuanzia, chukua Hadithi za Canterbury za Chaucer katika Kiingereza cha leo. Wahusika wake, kina msaga nafaka, mpishi na mtawa, wanabishana kama watu unaowajua.