Kamiyo inatetemeka baada ya kubadilisha tamburi: angalia kitovu kabla ya kununua tairi

Ndugu, umeeleza kwamba kamiyo yako (lori) ya 6×4, yaani yenye ekseli mbili za nyuma zinazoendesha, tairi 315/80R22.5, imetoka garaji hapa Lubumbashi na tamburi (ngoma za breki) na garnitiri (bitana za breki) mpya kwenye ekseli hizo mbili, na sasa ikifika km 60 kwa saa inatetemeka. Fundi anakwambia ununue tairi. Usinunue bado. Tairi hizo zilikuwa zinakimbia vizuri kabla ya kazi, kwa hiyo shuku kwanza kilichoguswa.

Jambo la kwanza ni kujua kama inatetemeka hata mguu ukiwa mbali na breki, au ni pale unapokanyaga tu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Ipeleke kwenye kipande cha lami kizuri cha barabara ya Likasi, panda taratibu kutoka km 40 hadi 80, na uandike inaanzia wapi. Kwenye tambarare, toa gia kidogo uiache iende. Kama mtetemo unabaki vilevile, injini haimo. Sikia pia mwendo wake: tairi ya kipimo chako inazunguka kama mara 7 kwa sekunde ukiwa km 80, kwa hiyo mtikisiko wa gurudumu ni wa polepole, unausikia kwenye kiti na sakafu. Kadani, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli za nyuma, inazunguka mara kadhaa zaidi na inatoa mvumo mwembamba. Kama kamiyo ilivutwa hadi garaji na kadani ikafunguliwa, hakikisha alama za mishale zimerudishwa zikitazamana. Ikikosea meno, inavuma.

Wewe unasema inatetemeka bila breki. Basi nieleze kinachofanyika, kwa sababu mafundi wengi wanakiruka. Kwenye kamiyo nyingi tamburi inavaa kitovu (kipande cha katikati kinachozunguka na gurudumu) kutoka nje, na janti (rimu) inakaa juu ya tamburi. Tamburi imebanwa katikati kama nyama ndani ya mkate. Kitu chochote kilichonaswa nyuma yake, gamba la kutu, udongo mwekundu ulioganda, rangi nene ya tamburi mpya, kinainamisha tamburi, na janti inainama pamoja nayo. Duara la boliti lina milimita 335, na tairi ina zaidi ya 1050. Gamba la milimita 1 tu upande mmoja wa duara hilo linakuwa milimita 3 za kuyumba kwenye ukingo wa tairi. Hapo hata tairi mpya itayumba.

Kosa la pili ni la kukaza. Kitovu kina ngazi ndogo zinazobeba tamburi, na nyingine zinazobeba janti. Fundi akiacha ngazi zimekaa ovyo, tamburi nzito inashuka kidogo kwa uzito wake, inapanda ukingo wa ngazi, kisha mashine ya hewa inaikaza hapo hapo ikiwa nje ya kati. Kabla ya kuvalisha, zungusha kitovu ngazi moja iwe juu kabisa, ili tamburi iikalie na kujiweka katikati.

Kutafuta ni hivi. Weka vigogo mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, inua ekseli kwa jeki na uweke stendi chini yake. Usiitegemee jeki peke yake. Breki ya maegesho ya hiyo ekseli lazima iachie, kwa hewa ya tangi au kwa boliti ya kufungia springi, la sivyo gurudumu halizunguki. Simamisha waya au chuma kigumu karibu na katikati ya uso wa tairi, zungusha kwa mkono, na utie chaki mahali panapokaribia zaidi. Rudia ubavuni. Kwa ekseli ya nyuma, zaidi ya milimita 3 ni nyingi.

Ukipata gurudumu linaloyumba, weka alama kwenye kitovu, tamburi na janti. Fungua nati, geuza janti nusu duara bila kugusa tamburi, kaza, pima tena. Alama ya chaki ikihama pamoja na janti, kosa ni la janti au tairi, au uchafu kati ya janti mbili. Ikibaki mahali pake kwenye kitovu, toa tamburi. Hapo sugua kitovu, ngazi zake na mgongo wa tamburi kwa brashi ya chuma hadi chuma kionekane, ukwangue rangi nene, halafu ipimwe tamburi yenyewe kwa saa ya kupimia (kifaa cha mshale kinachoonyesha kuyumba): ikiwa imefungwa, uso wake wa ndani usipite nusu milimita ya kuyumba. Vumbi la garnitiri usilipulize kwa hewa ya kompresa. Lilowanishe na kulifuta, maana garnitiri nyingine bado zina asbesto.

Kama kwako tamburi imefungwa nyuma ya kitovu, kitovu chenyewe kilitolewa, na mshukiwa anakuwa beringi. Shika tairi juu na chini, itikise. Nafasi inayotakiwa kwa beringi za kawaida za kukaza kwa nati ni kati ya milimita 0.025 na 0.125, ukiisikia waziwazi mkononi, imezidi.

Kwa wale ambao inatetemeka wakikanyaga tu, tamburi si duara. Mara nyingi imekuwa yai kwa sababu iliegeshwa ikiwa na moto mkali na breki ya maegesho ikavutwa, ikapoa huku viatu vya breki vinaisukuma pande mbili. Tamburi iliyochongwa inahitaji garnitiri nene zaidi; ya kawaida inagusa katikati tu na inatetemesha. Kipimo cha mwisho cha kipenyo kimepigwa kwenye tamburi yenyewe, ikikipita, itupwe. Na ikiwa mtikisiko unakuja mwisho kabisa, karibu na kusimama, angalia kisoma-mwendo cha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa kufunga breki): kazi ya kitovu inaweza kukisukuma nyuma, na mfumo unaachia breki bila sababu.

Kufunga: nati zote kwa mkono kwanza, kisha kama Nm 70 kwa mpangilio wa nyota, kisha mkazo kamili, ambao kwa boliti za M22×1.5 uko karibu na Nm 600 hadi 680 kulingana na kitabu cha gari. Usipokuwa na spana ya kupimia, bomba la mita 1 na mtu wa kilo 60 anayelemea mwisho wake bila kuruka ni karibu Nm 590. Mashine ya hewa iishie kwenye kusogeza nati. Kati ya km 50 na 100 za kwanza, yaani kabla au unapofika Kasumbalesa, simama ukaze tena, kwa sababu rangi na kutu vilivyobaki vinabanwa na mkazo unashuka. Ukiona mistari ya kutu inatoka chini ya nati, hiyo janti inacheza. Usiendelee na mzigo, boliti zitakatika.