Kutoka Xiaobei hadi Maonyesho ya Canton kwa Metro

SWALI: Shikamoo mama. Mwezi wa kumi naenda Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza, kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, na nataka pia kununua vitambaa vya duka langu. Nitafikia mtaa wa Xiaobei. Mjomba aliyekwenda mwaka 2009 ananiambia nipande metro laini ya 2 pale stesheni kuu, nikae mpaka maonyesho. Dada wa duka la jirani anasema njia hiyo haipo. Nimsikilize nani?
Msomaji, Kariakoo

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba hakukudanganya, treni hiyo aliipanda kweli. Wakati ule laini ya 2 ilitoka Sanyuanli, ikapita katikati ya mji, ikakata mashariki hadi Pazhou, yalipo maonyesho. Mwaka 2010 ikagawanywa. Upande wa mashariki ukawa laini ya 8, na laini ya 2 ikarefushwa kusini hadi Guangzhou South. Ukikaa kama alivyokaa mjomba, utajikuta kwenye stesheni ya treni za mwendokasi, mbali kabisa na maonyesho. Msikilize dada.

Xiaobei iko laini ya 5, ile nyekundu. Panda kituo kimoja tu, ushuke Guangzhou Railway Station, uhamie laini ya 2 ya bluu, upande ulioandikwa Guangzhou South. Shuka Changgang, shika laini ya 8 ya kwenda mashariki. Kama unaowafuata wako eneo A la maonyesho, teremka Xingangdong. Kama ni B au C, endelea mpaka Pazhou.

Sasa vitambaa, na hapa ndipo laini ya 8 ninapoipenda. Soko la Zhongda liko njiani humohumo. Kituo chake kinaitwa Sun Yat-sen University, cha pili ukitoka Changgang. Litengee siku yake, usiende jioni miguu imeshachoka na maonyesho. Kila kibanda kina vipande vya sampuli. Omba, kisha andika namba ya kibanda na bei nyuma ya kila kipande palepale, maana ukifika hotelini vyote vinafanana. Marobota usijaribu kuyapandisha metro. Hata mkoba unapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni, na jioni watu wamebanana mpaka huwezi kugeuka. Hiyo ni kazi ya wakala wa mizigo.

Tiketi ya safari moja ni kidude cha plastiki cha duara, kama sarafu. Kuingia unakigusisha kwenye geti, kutoka unakitumbukiza kwenye tundu. Usikichanganye na chenji kwenye pochi, nimeona watu wakimwaga pochi nzima getini huku foleni inasubiri nyuma yao.

Angalia sana majina: Guangzhou Railway Station, Guangzhou South na Guangzhou East ni stesheni tatu tofauti, na mtu akikuambia "stesheni" tu, muulize ipi.

Kutoka uwanja wa ndege utapanda laini ya 3, uhamie laini ya 2 pale Jiahewanggang, kisha laini ya 5 pale Guangzhou Railway Station, hadi Xiaobei. Ila metro haikeshi. Ndege yako ikitua usiku wa manane, chukua teksi, na anwani ya hoteli iwe imeandikwa kwa Kichina tangu hapa nyumbani.