Mujica Alibeba Bunduki: Maswali Yenu na Majibu

Tangu niitaje dokumentari ya Emir Kusturica kuhusu José Mujica, mpiganaji wa Tupamaros, kundi la waasi wa mrengo wa kushoto, aliyefungwa na baadaye akaja kuwa rais wa Uruguay, maswali hayakauki. Nimechagua machache. Matusi nimeyaacha.

Si ndiyo ile filamu ya miaka 12 gerezani? (Morogoro)
Siyo. Ile ni ya Álvaro Brechner, na ina waigizaji. Zote zilitoka 2018, lakini hili nimeshalijibu mpaka nimechoka. Someni, jamani.

Mujica ndiye mwanzilishi wa Tupamaros? (Nakuru)
Hapana. Kiongozi mwanzilishi ni Raúl Sendic.

Kwa nini hawakuingia msituni kama Che Guevara? (Kigoma)
Msitu upi? Uruguay ni nchi ya malisho ya ng'ombe, na karibu nusu ya watu wake wako Montevideo na viunga vyake. Walijificha humohumo mjini, hata kwenye mifereji ya maji taka. Na huo msitu ulimfaa nini Che? Mwaka 1965 alivukia hapo hapo kwenu kwenda kupigana Kongo upande wa kina Laurent Kabila, na mwaka haukuisha akarudi mikono mitupu.

Walipigana na udikteta wa kijeshi. Mbona unawabeza mashujaa? (Nairobi)
Siwabezi, nahesabu miaka. Tupamaros walianza mapema miaka ya 1960, chini ya serikali iliyochaguliwa kwa kura. Ni kweli kwamba kuanzia 1968 Rais Jorge Pacheco alitawala kwa amri za dharura, na wanafunzi waliuawa kwa risasi za polisi. Lakini mapinduzi yalikuja tarehe 27 Juni 1973, wakati Tupamaros walishavunjwa tangu 1972. Udikteta uliwakuta gerezani. Mashabiki wao hupenda kuupindua mpangilio huu, kisha kila bunduki inaonekana ilikuwa ya kujitetea.

Halafu kuna damu. Dan Mitrione, mshauri wa polisi kutoka Marekani, walimteka na kumuua 1970. Huyo wengi hawamlilii. Lakini Pascasio Báez alikuwa kibarua wa shambani tu, aliyekutana na handaki lao kwa bahati mbaya. Walimdunga sindano akafa, Desemba 1971. Hao waliosema wanapigania vibarua! Mimi namheshimu Mujica, na jina la Báez silifuti.

Waliteswa kweli, au ni chumvi? (Mombasa)
Waliteswa. Kuanzia Septemba 1973 jeshi liliwatoa gerezani viongozi tisa, Mujica akiwemo, likawafanya mateka: kundi likirudi vitani, wanauawa. Walizungushwa kambi hadi kambi kwa zaidi ya miaka kumi, muda mwingi kila mtu peke yake. Mauricio Rosencof na Eleuterio Fernández Huidobro walizungumza kwa kugonga ukuta. Aliyepitia hayo si mfano wa kuridhika tu. Kwa hiyo mnaposambaza picha za Mujica kama "rais fukara" na Volkswagen yake, jihadharini na wanaozitumia kuwahubiria wasio na kitu waridhike.

Wanawake walikuwepo? (Arusha)
Hatimaye swali! Julai 1971 wanawake 38 walitoroka gereza la Cabildo, Montevideo, akiwemo Lucía Topolansky, aliyekuja kuwa mke wa Mujica na makamu wa rais. Walipitia kwenye mifereji ya maji taka. Simulizi nyingi huruka moja kwa moja hadi wanaume wa gereza la Punta Carretas, waliotoroka Septemba. Gereza hilo sasa ni jengo la maduka.

Watesaji walifungwa? (Dar es Salaam)
Wachache, tena kwa kuchelewa. Sheria ya 1986 iliwakinga, na kura ya maoni ya 1989 ikaibakiza. Oktoba 2009 wananchi waliulizwa tena, ikapona tena, siku ileile Mujica alipoongoza duru ya kwanza ya urais. Bunge lilipoiondoa kinga hiyo 2011, Huidobro, mateka wa zamani, alikuwa amepinga hadi akauacha useneta. Mwaka huohuo akawa waziri wa ulinzi. Mfungwa anaweza kusamehe mateso yake mwenyewe. Hawezi kusamehe kwa niaba ya mtoto wa mwenzake aliyepotezwa, na familia za waliopotezwa bado huandamana kimyakimya Montevideo kila 20 Mei.

Mujica bado yu hai? (Bujumbura)
Alifariki 13 Mei 2025, akiwa na miaka 89.

Nitumie nakala ya filamu kwa WhatsApp. (Wengi mno)
Sina, na ningekuwa nayo nisingetuma. Lipieni.